Kupuliza rangi bampa la kubadilisha bila kupigwa bei: mwongozo kamili

Bampa likivunjika, mwenye gari hulipa mara mbili: kwanza bampa lenyewe, kisha rangi. Malipo ya pili ndiyo yanayosumbua zaidi. Bampa unaweza kuulizia duka hadi duka ukajua bei yake, lakini rangi hutajiwa bei papo hapo, kwa kuangalia gari na wakati mwingine kwa kumwangalia mwenye gari. Fundi mmoja atakutajia kiasi fulani, jirani yake atataja mara mbili, na wote wawili wanaweza kuwa wakweli kwa sababu hawazungumzii kazi moja. Mmoja anazungumzia kurushia rangi juu ya bampa. Mwingine anazungumzia kuosha, kupiga msasa, praima (rangi ya chini ya kushikisha), rangi iliyochanganywa kwa kodi (namba ya rangi ya gari) na klia (tabaka la juu linalong'aa) yenye hadina (kigumishi). Usipojua tofauti hiyo utachagua kwa kuangalia bei tu, na miezi michache baadaye rangi itaanza kubanduka kama ganda.

Mwongozo huu unaangalia zaidi magari ya Japan yaliyojaa barabara za Dar es Salaam, hasa Toyota ndogo kama IST, Vitz na Raum, na kubwa kidogo kama Harrier. Aliye Arusha, Mombasa au Nairobi atabadilisha majina ya mitaa tu.

Kiasi cha rangi kinachohitajika

Anza hapa, maana hapa ndipo wengi wanapoibiwa bila kujua. Bampa la gari dogo lina eneo la takribani mita moja ya mraba, na la gari kubwa linafika moja na nusu hivi. Eneo hilo halimalizi lita nzima ya rangi. Kwa bampa moja la kawaida, vifaa ni hivi:

- Rangi yenyewe (besi): robo lita kabla ya thina. Ikichanganywa inatosha mikono (yaani matabaka) miwili hadi mitatu.
- Klia ya tuki (2K, yaani inayochanganywa na hadina): mililita 300, na hadina yake mililita 150 ikiwa kopo linasema mbili kwa moja.
- Praima ya tuki: robo lita ikishachanganywa, pale tu inapohitajika.
- Praima ya plastiki, ile nyepesi inayoshikisha: mililita 100, na ni kwa plastiki tupu tu.
- Thina ya tuki: nusu lita. Ya kuoshea bunduki ya kupulizia iwe ile ya bei rahisi, tena isikae karibu na ya kuchanganyia.
- Msasa wa maji namba 400, 600 na 800, karatasi moja au mbili za kila namba, pamoja na pedi ya kijivu ya kusugulia.
- Gundi ya karatasi (utepe wa kunata, masking tape), dawa ya kuondoa mafuta na kitambaa cha kunata cha kuondolea vumbi.

Chukua orodha hii uende nayo duka la rangi za magari uulizie bei kabla hujaenda gereji. Ukifanya hivyo unajua vifaa vinagharimu kiasi gani leo, mahali ulipo, na kinachobaki katika bei ya fundi ni hela ya ufundi, umeme, nafasi na faida. Mazungumzo yanabadilika kabisa mteja anapojua hilo. Fundi akikuambia ununue lita nzima ya rangi kwa bampa la Vitz, ujue robo tatu itapakwa gari la mtu mwingine.

Kitu kimoja kinapandisha gharama kihalali: aina ya rangi. Nyeupe ya kawaida ya Toyota, kodi 040, na nyeusi 202 ni rangi tupu zisizo na chenga. Ni rahisi kulinganisha, na nyeupe hiyo inaweza hata kupulizwa kwa rangi ya tuki inayong'aa yenyewe bila klia. Fedha 1F7 na kijivu 1G3 zina chenga za aluminiamu, kwa hiyo zinataka mkono uliotulia. Nyeupe ya lulu 070 ni kazi ya tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu katikati, klia juu. Hapo vifaa vinaongezeka, muda unaongezeka, na kukosea ni rahisi. Ukiwa na gari la 070 au la rangi nyekundu ya Mazda 46V, usishangae bei kuwa juu kuliko ya jirani mwenye 040.

Hatua ya kwanza: chagua bampa kwa kufikiria rangi

Kuna mabampa ya aina tatu sokoni. La kwanza ni lililotumika Japan, linalokuja na rangi yake. Kariakoo na Ilala, hasa upande wa Shaurimoyo, yamepangwa hadi barabarani. Nairobi utayakuta Kirinyaga Road. La pili ni jipya la Taiwan au China, ambalo huja na praima ya kijivu au nyeusi, na mengine huja plastiki tupu. La tatu ni jipya la kampuni yenyewe.

Kabla ya kitu chochote, tafuta lililotumika la rangi ya gari lako. Ukipata la kodi moja na gari lako na halina mikwaruzo mirefu, kazi inabaki kuosha na kupiga polishi, na gharama ya rangi inafutika yote. Kwa 040, 202 na 1F7 inawezekana sana, kwa sababu ni rangi zilizoenea mno kwenye IST na Vitz. Nenda na gari lenyewe, weka bampa karibu na fenda, liangalie juani na kivulini. Kodi ikiwa moja bado kunaweza kuwa na tofauti, kwa kuwa jua la Dar limekwisha kulifubaza gari lako miaka kadhaa huku bampa likiwa limekaa stoo.

Usipopata la rangi yako, lililotumika bado mara nyingi ni bora kuliko jipya la bei rahisi. Plastiki yake ni ya kiwandani, linakaa sawa kwenye gari, na rangi yake ya zamani ikiwa imeshika vizuri ndiyo msingi mzuri kuliko yote wa rangi mpya. Likague hivi:

Ligeuze uone ndani. Nyufa, mistari ya kuchomelea na mabonge ya gundi huonekana upande wa ndani hata kama nje pamepakwa vizuri. Hesabu masikio yote ya kufungia, hasa ya pembeni kwenye fenda na ya juu chini ya boneti. Sikio moja likikatika, bampa litaacha mwanya ambao rangi haiwezi kuuficha. Kisha likunje kidogo kwa mikono miwili: mahali palipojazwa puti patakuwa pagumu kuliko pengine, au pataonyesha mstari mwembamba. Puti ya bati haikunjiki pamoja na plastiki. Itapasuka, na rangi yako mpya itapasuka nayo.

Tazama pia namba iliyochapwa ndani. Kwa Toyota, bampa la mbele huanza na 52119 na la nyuma 52159. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha matoleo, na matoleo ya kabla na baada ya mabadiliko ya sura yanaweza kufanana kwa macho huku matundu ya taa za ukungu yakiwa tofauti. Usiondoke dukani bila kile kifuniko kidogo cha mraba au cha duara kinachoziba tundu la kulabu ya kuvutia gari. Kisipokuwepo siku ya kupuliza, kitakuja kupakwa rangi peke yake baadaye, na hakitafanana.

Hatua ya pili: kodi ya rangi

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya kati, au fungua boneti utazame kibati kilichopo kwenye ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Kwenye Toyota tafuta mstari wa rangi, ulioandikwa COLOR/TRIM au C/TR. Utaona makundi mawili, mathalani 1F7 kisha FB na namba nyingine. La kwanza ndilo rangi ya bodi, la pili ni la viti na mapambo ya ndani. Wapo wanaopeleka la pili dukani wakarudi wamechanganyikiwa. Nissan huandika kodi kama QM1 au KH3, Honda huanza na NH kwa nyeupe, nyeusi na kijivu, Subaru hutumia namba na herufi kama 37J.

Ipige picha. Kisha uhakikishe kuwa gari halijawahi kubadilishwa rangi: linganisha rangi ya ndani ya boneti na kingo za milango na rangi ya nje. Zikitofautiana, kibati hakikusaidii, na duka litalazimika kulinganisha kwa kipande cha gari. Kipande kizuri ni mlango mdogo wa tenki la mafuta. Unafunguka kwa urahisi, ni bapa, na umepigwa na jua sawa na bodi.

Hatua ya tatu: lijaribu kwenye gari kabla ya rangi

Hatua hii inarukwa karibu kila gereji, na inagharimu watu wengi. Bampa jipya la Taiwan linaweza kukaa vibaya kwa milimita kadhaa. Bampa zuri nalo litakaa vibaya kama chuma cha ndani kilipinda kwenye ajali au mabano ya pembeni yalivunjika. Ukiligundua hilo baada ya rangi, kila kusukuma na kukata ni mkwaruzo mpya.

Kwa hiyo lifunge lote kwa klipu na skrubu zake, pamoja na taa za ukungu na grili. Tazama mwanya kati ya bampa na taa, kushoto na kulia, kisha mstari wa boneti. Kama gari lina sensa za kuegeshea, toboa matundu sasa. Sehemu inayohitaji kuchongwa au kupashwa moto ili inyooke ishughulikiwe sasa. Nunua klipu mpya siku hiyohiyo. Ni vitu vya bei ndogo, na zile za zamani zikitoka mara moja huwa hazishiki tena.

Hatua ya nne: omba bei ya kazi iliyotajwa kwa majina

Usimuulize fundi "Rangi bampa bei gani?" Swali hilo linajibiwa kwa namba moja isiyo na maana. Lipeleke bampa mkononi, likiwa limefunguliwa, kwenye gereji tatu, na useme hivi:

"Fundi, bampa hili nimeshalijaribu limekaa. Kodi ni 1F7. Nataka lioshwe, lipigwe msasa, praima ya tuki panapohitaji, besi ya kuchanganywa kwa kodi, na klia ya tuki mikono miwili na hadina yake. Kingo na ndani ya matundu ya taa ziingie. Kufunga nitafunga mwenyewe. Vifaa kiasi gani, ufundi kiasi gani?"

Maneno hayo yanafanya mambo matatu. Yanaziondoa kazi ambazo hutaki kulipia, yaani kufungua, kufunga na kunyoosha. Yanamlazimisha fundi atenganishe vifaa na ufundi. Na yanazifanya bei tatu utakazopata zizungumzie kitu kimoja, hivyo ulinganisho unakuwa wa kweli.

Sikiliza majibu zaidi kuliko namba. Fundi anayejua kazi atauliza plastiki ni tupu au ina praima, ataligeuza atazame ndani, na kwa rangi ya fedha au lulu atakwambia mapema kwamba huenda ikabidi ainyunyizie kidogo hadi kwenye fenda ili macho yasione mpaka. Hilo la fenda si wizi. Kwa rangi za chenga ni njia halali ya kuficha tofauti ndogo, na lina bei yake. Kwa 040 au 202 hulihitaji. Kwa upande mwingine, anayekwambia "tutaipata kwa macho, tunayo rangi inayofanana" mshukuru na uondoke.

Usimkamue mpaka mwisho. Gharama ya vifaa haishuki kwa kubembeleza. Ukimshusha fundi chini ya pale kazi inapolipa, atapunguza pale usipoweza kuona: ataweka hadina nusu, atatumia thina ya kawaida badala ya tuki, ataruka msasa wa 600. Klia isiyo na hadina ya kutosha inang'aa vizuri siku ya kuchukua gari, kisha inabaki laini, inakwaruzika kwa kitambaa cha kuoshea na kufifia. Punguziwa bei ya ufundi kwa kumpunguzia kazi: leta bampa limeoshwa na kufunguliwa vipande vyake vyote, mpe siku mbili badala ya saa chache, mruhusu alipulize pamoja na gari lingine la rangi ileile kama analo.

Je, ununue vifaa mwenyewe? Faida yake ni kwamba unajua kilichomo. Hasara ni kwamba rangi ikiharibika fundi atalaumu vifaa vyako, na makopo ya klia huuzwa lita nzima wakati wewe unahitaji theluthi. Njia nzuri ni ya kati: nunua rangi ya kodi, robo lita, kwenye duka linalochanganya kwa mashine na mizani, ukichukua risiti ya EFD. Klia, hadina na praima viwe vya fundi, ila umwombe akuonyeshe mkebe kabla ya kuchanganya. Malipo ya awali yatoshe vifaa tu. Ufundi ulipwe kazi ikikaguliwa.

Kama una bima kubwa, linganisha kwanza bei hiyo na kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe kabla ya bima kulipa. Kwa bampa moja mara nyingi kiasi hicho kinameza dai lote.

Hatua ya tano: kadi ya jaribio

Kabla ya tone moja kwenda kwenye bampa, fundi apulize rangi kwenye kipande cha kadi au bati, mikono ileile atakayotumia, kisha klia juu yake. Bila klia jaribio halina maana, kwa sababu klia huizamisha rangi na kuibadilisha. Ikikauka, iweke juu ya fenda, si kwenye boneti, maana jirani wa bampa kwa macho ya mtu aliyesimama pembeni ni fenda. Iangalie kwa kuikabili, halafu kwa upande, halafu kivulini.

Kwa rangi za fedha kuna siri ya kujua: rangi ileile kutoka kopo lilelile huwa nyeusi zaidi ikipulizwa mbichi na nzito, na nyeupe zaidi ikipulizwa kavu na kwa mbali. Chenga huzama au kulala kutegemea ubichi wa rangi. Kwa hiyo kadi ikitofautiana kidogo na fenda, fundi mzuri hubadilisha mkono kwanza kabla ya kurudisha kopo dukani. Kwa 070, rangi inategemea idadi ya mikono ya lulu, basi kadi ipigwe hatua: sehemu moja mkono mmoja, nyingine miwili, nyingine mitatu, uchague inayokaa.

Hatua ya sita: maandalizi, yaani kazi yenyewe

Ndani ya bampa kuna alama ya plastiki, aghalabu >PP+EPDM< au >TPO<. Hizi ni plastiki ambazo rangi haizipendi. Hazinyonyi rangi wala hazishikiki kwa urahisi, tofauti na ABS ya grili. Ndiyo maana maandalizi hutegemea hali ya bampa.

Plastiki tupu: ioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kwa sababu kiwandani kalibu hupakwa dawa ya kutenganisha nayo hubaki juu ya plastiki. Isuguliwe yote kwa pedi ya kijivu, kingo zikiwemo, mpaka isiwe na mng'ao popote. Ifutwe kwa dawa ya kuondoa mafuta, kwa vitambaa viwili: kimoja kinalowesha, kingine kinakausha kabla dawa haijakauka yenyewe. Kisha praima ya plastiki, mkono mmoja mwepesi au miwili, na rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ikiachwa mpaka kesho, nguvu yake ya kushika imeisha.

Bampa lenye praima ya dukani: jaribu kwanza. Lowesha kitambaa kwa thina, kisugue mahali pa ndani pasipoonekana kwa sekunde kumi na tano. Praima ikitoka kitambaani, haina hadina, na rangi nzuri juu yake itabanduka nayo. Iondolewe kwa msasa na kuanza kama plastiki tupu. Isipotoka, piga msasa wa 400 kisha 600, na pale tu ulipofika plastiki weka praima ya plastiki. Usiinyunyize juu ya praima iliyo nzima, haina kazi hapo.

Bampa lenye rangi ya zamani iliyo nzima: usikubali livuliwe rangi yote kwa thina. Thina huingia kwenye plastiki na kutoka baadaye ikiinua rangi mpya. Mikwaruzo mirefu isawazishwe kwa msasa wa 320, ijazwe puti ya plastiki inayokunjika, ipigwe praima ya tuki hapo tu, kisha bampa zima msasa wa maji wa 600, na 800 kwa rangi za fedha. Mistari ya msasa mzito huonekana chini ya fedha hata baada ya klia, hasa jioni jua likiwa chini.

Makosa makubwa huwa kwenye kingo. Mdomo wa juu unaoingia chini ya boneti, ndani ya matundu ya taa na ncha zinazogusa fenda ndizo zinazosahaulika. Rangi huanza kubanduka hapo, na maji ya presha ya sehemu za kuoshea magari humalizia.

Hatua ya saba: kupuliza

Bampa liwekwe kwenye stendi yenye umbo lake, lisining'inizwe kwa ncha mbili, maana plastiki yenye joto hujipinda. Lisipulizwe likiwa kwenye gari. Vifuniko vidogo viwe pembeni yake, vikitazama upande uleule.

Pwani ina adui wa pekee: unyevu. Kompresa hukusanya maji kwenye tenki, na maji hayo yakipita kwenye bunduki yanaacha vishimo vidogo au ukungu mweupe kwenye rangi. Tenki lifunguliwe chini litolewe maji asubuhi, na kuwe na chujio la maji kabla ya mpira. Siku za masika zenye mvua, kati ya Machi na Mei, afadhali kungoja siku kavu kuliko kulazimisha. Kwa joto la Dar, thina na hadina ziwe za kukauka taratibu. Za haraka hukauka juu kabla thina ya chini haijatoka, na uso unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa.

Besi: mikono miwili hadi mitatu, kila mmoja ukisubiri dakika tano hadi kumi mpaka ung'avu upotee. Bunduki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka bampa, presha kama baa 2 kwa bunduki za kisasa, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Kwa chenga, mkono wa mwisho uwe mwepesi na wa mbali kidogo ili zilale sawa. Klia: mkono wa kwanza wa wastani, dakika kumi, wa pili wenye kujaa. Kwenye klia na praima ya tuki kwa bampa, dawa ya kulainisha huongezwa kama kopo linavyoelekeza, ili rangi ikunjike bampa linapoguswa.

Oveni ni nzuri lakini si lazima. Nyuzi 60 kwa nusu saa zinatosha, na juu ya hapo plastiki inaanza kulegea. Bila oveni, liache saa 24 mahali pasipo na vumbi kabla ya kulifunga. Hadina ya tuki ina kemikali zinazodhuru mapafu. Fundi avae barakoa yenye chujio la kaboni, kitambaa hakizuii kitu, na wewe na watoto msisimame hapo mkitazama.

Hatua ya nane: ukaguzi na malipo

Nenda mchana, si jioni. Libebe nje. Pitisha kucha kwenye kingo, tazama ndani ya matundu ya taa, linyanyue kwa pembe mpaka taswira ya anga itulie juu yake. Vumbi moja moja na vinundu vidogo hutolewa kwa msasa wa maji wa 2000 na polishi, na fundi afanye hivyo bila malipo zaidi. Mitiririko ya klia kwenye kona nayo huondolewa hivyohivyo ikishakauka vizuri. Vishimo vya mviringo vinavyoonyesha rangi ya chini ni mafuta au silikoni ambayo haikufutwa, na hapo hakuna polishi, ni kupuliza upya. Ukungu mweupe ni unyevu. Rangi iliyo kavu na kukwaruza mkononi kwenye kingo ni klia ambayo haikufika.

Kwa ushikaji, bandika gundi ya karatasi kwenye ukingo wa ndani siku moja baada ya kupulizwa, ibonyeze kwa kidole, uivute kwa ghafla. Rangi ikija nayo, usilipe ufundi. Maandalizi hayakufanyika, na litabanduka lote.

Lifunge kwa watu wawili, mmoja kila ncha, fenda zikiwa zimefunikwa gundi ya karatasi, kwa klipu mpya ulizonunua. Andikieni karatasi fupi: tarehe, kodi, kilichopulizwa, na kwamba kubanduka ndani ya miezi mitatu kutarudiwa bila malipo. Fundi aliyetumia hadina yote hana sababu ya kuikataa.

Wiki mbili za kwanza oshea maji na sabuni laini kwa mkono, bila presha na bila brashi. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe vifutwe siku hiyohiyo, maana klia changa huchorwa navyo kabisa. Nta isubiri mwezi mmoja ili thina iliyobaki ndani iendelee kutoka. Rangi iliyobaki kwenye kopo idai kabla hujaondoka, ifunge kwenye chupa ndogo ya kioo uandike kodi na tarehe. Robo lita haimaliziki yote kwenye IST, na kijiko kimoja kilichobaki kinatosha kugusia jiwe la kwanza la barabarani.